Matofali Safi ya Kolwezi

Nilikwenda Kolwezi kwa sababu tanuru letu lilikuwa linakufa. Kiwanda chetu cha chupa hapa Lubumbashi huyeyusha kioo kwa umeme, na umeme huo huingia kupitia matofali ya oksidi ya bati. Chuma huliwa na kioo na kukitia rangi. Oksidi ya bati iliyoshikamana vizuri huvumilia. Matofali yetu ya Ulaya yalikuwa yamekwisha. Tanuru likizimwa bila matofali mapya, zamu nzima ingerudishwa nyumbani, nami niliwaahidi wenzangu kwamba sitarudi mikono mitupu.

Jumatatu alfajiri nilipanda treni. Ilipofika Tenke ikapumzika kutwa nzima bila kuombwa.

Jumanne mchana, Kolwezi. Vumbi la mashimo ya mgodi wa Mashamba lilikuwa kwenye kola, kwenye meno, hata kwenye mkate wa stesheni. Na katika mji huo uliojaa shaba, mkurugenzi wa karakana ya matofali, ndani ya suti ya abacost iliyopigwa pasi hadi ikang'aa, alijivunia jambo moja: kwake hakuna shaba hata chembe. Wafanyakazi waliacha viatu mlangoni na kunawa hadi viwiko.

"Citoyen, huku ni pureté, usafi tu," aliniambia. "Shaba itatia chupa zenu rangi. Étain pur, bati tupu, moto mukali, ni bien!"

Unga mweupe, uliotokana na mawe meusi ya bati ya Manono, ulishindiliwa kwenye kalibu na kuchomwa. Nikapewa tofali. Sisi watu wa tanuru hupima tofali kwa ulimi: likiushika, lina matundu, na kioo kitapenya humo. Nililamba. Likaning'ang'ania kama kupe.

Lakini meza ilikuwa imeandaliwa, kuku na bia baridi. Nikalisifu tofali, "Magnifique!" Mimi ninayemcheka kila mtu, nilinunuliwa kwa paja la kuku.

Jumatano asubuhi nilisindikizwa stesheni na Tata Kazadi (tata ni baba), mzee wa Kasai anayechoma matofali pale.

"Tata, jana ulilamba, nilikuona," alisema. "Juu ya nini ulidanganya?"

Niliona haya kumwambia ni kwa sababu ya kuku. Akatoa kwenye kitambaa tofali la kijivu, dogo, zito ajabu.

"Étain yeye moya haishikamane, hata uchome namna gani. Matundu inabakia. Mi nilitiaka oxyde ya shaba kidogo sana, sawa chumvi mu mboga ya sombe. Directeur akijua, atanifukuza."

Nililamba. Ulimi ukateleza.

Niliporudi Lubumbashi tuliyatumbukiza yote mawili kwenye chungu cha majaribio, ndani ya kioo cha moto. Tofali safi lilikuwa uji kabla ya saa sita kupita. La Tata Kazadi tulilitoa baada ya wiki, kona zake zingali kali, na kioo hakijashika rangi.

Nikaandika barua mbili. Kwa mkurugenzi, agizo lililojaa sifa za usafi wake. Kwa Tata Kazadi, mstari mmoja: tafadhali, yawe machafu.

Nimejifunza kwamba mkubwa anaweza kukalia dawa yake mwenyewe na kuipiga marufuku, na mgeni mwenye njaa akampigia makofi.

Jana sanduku lilifika. Kila tofali limepigwa muhuri mwekundu: PURETÉ. Wenzangu wa zamu walisimama kando ya tanuru lililozimwa kungoja matofali, wakinitazama. Nikachukua moja, nikalilamba. Ulimi ukateleza, nikawaambia wawashe tanuru.