Kanzu ya Kanyauzi

Hasna, fundi wa kanzu wa Ujiji, hajawahi kuibiwa na mtu. Mwizi wake ni mmoja tu, Kanyauzi, na huyo alimrithi kwa mama yake pamoja na cherehani.

Kanyauzi, kwa wasiomjua, ni kiumbe mwenye kimo cha dagaa mkavu. Ana miguu miwili na ana haya sana, maana yu uchi. Huiba sindano akajishonee nguo, halafu ndipo akumbuke kwamba hana uzi. Kwa hiyo mafundi wa zamani, sindano ikipotea, hawakupekua chini ya mkeka. Walishona kijikanzu kwa kipande kilichobaki, wakakitia kwenye droo ya cherehani, na asubuhi sindano ikaonekana. Enzi hizo, Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, cherehani zililia mtaa mzima, na Kanyauzi alivaa kuwashinda watoto wa watu. Siku hizi kanzu zinakuja zimekunjwa kwenye nailoni. Hasna akizipita dukani hununa kana kwamba katukanwa, na ana haki yake.

Mumewe Iddi, aliyemalizia ujana wake kwa wavuvi wa Kibirizi akishona nyavu, hakumwamini Kanyauzi hata siku moja.

"Miaka yote hiyo mnamvisha, Mama Faridi, na bado yu uchi?"

"Anakua," Hasna humjibu.

Mwaka huu macho yalianza kumtupa. Miwani anayo, lakini tundu la sindano lilimkatalia katakata. Na mdomo wake mwenyewe ulikwisha kumponza: alitangaza barazani, mbele ya mashoga zake, kwamba siku atakayotungiwa uzi na mtu ndiyo siku atakayofunga cherehani. Hasna akishasema kasema. Na mezani palikuwa na kanzu ya harusi ya mtoto wa jirani yao Shadia, imebaki kudariziwa shingo, kazi ya mkono.

Alihangaika nayo tangu asubuhi. Alilamba uzi, akaukata, akaulamba tena. Alasiri aliichomeka sindano kwenye kitambaa, akaenda kuswali, akalia pale pale kwenye mswala. Iddi alikuwa uani akimenya mihogo.

Hasna aliporudi mezani, sindano ilikuwa imetungwa uzi.

Aliganda. Alikumbuka miaka ya mwisho ya mama yake, jinsi yeye, msichana wakati huo, alivyokuwa akimtungia sindano kwa siri na kuichomeka mahali pake, na bi mkubwa akisema, "Leo Kanyauzi kaleta na uzi." Miaka yote alidhani alimdanganya mama yake. Kumbe mama alijua, na ile ndiyo ilikuwa shukrani yake.

Akaivuta ncha ya uzi. Fundo lake lilikuwa la nyavu, lile lisilofunguka hata likilowa.

"Baba Faridi," akaita, "Kanyauzi kapita hapa."

"Mimi simjui huyo," Iddi akajibu kutoka uani.

Hasna alidarizi shingo ile mpaka ikaisha. Kwa kipande kilichobaki akashona kijikanzu cha urefu wa kidole. Safari hii hakukitia kwenye droo. Alikisokomeza kwenye mfuko wa kanzu ya mumewe, iliyokuwa inaning'inia nyuma ya mlango.

Ijumaa Iddi aliivaa kwenda msikitini. Aliporudi akaitundika tena, na kijikanzu kilikuwamo mfukoni, kimekunjwa vizuri.