Kuponi Zilizofuliwa

Karatasi iliyolowa ikipigwa pasi ya makaa hainukii kama nguo. Ina uchachu kidogo, kama uji uliolala, na mwishoni huja harufu ya kuungua inayokuonya uinue mkono. Naijua kwa sababu mwaka ambao baba alisimamishwa kazi katika kiwanda cha mablanketi, chumba chetu pale Dandora kilinuka hivyo karibu kila Jumamosi. Mama alikuwa akipiga pasi vipande vya pakiti za unga.

Kampuni moja ya unga wa mahindi ilikuwa imechapisha kuponi ubavuni mwa kila pakiti. Ukizikata na kufikisha idadi iliyotakiwa, ulizipeleka supamaketi moja kubwa kwenye barabara ya Kangundo ukapewa unga bila kulipa, na ukiwa nazo nyingi zaidi, mafuta ya kupikia. Baba alikuwa ameshatamka uamuzi wake: kama vibarua vya mjengo havingetosha kutulisha mpaka kiwanda kimwite tena, mama, mimi na mdogo wangu tungerudi nyumbani Bungoma, naye abaki mjini peke yake. Nilikuwa darasa la sita, na hakuna kitu nilichokipenda kama shule ile. Kwa hiyo kila kuponi niliyoiona niliihesabu kama ruhusa ya kubaki, na mama alilijua hilo bila kuambiwa.

Sisi wenyewe tulikula unga wa kusagiwa, usio na pakiti wala kuponi. Mama akapatana na Oti, kijana aliyeokota taka kwenye jaa kubwa, amwekee pakiti zilizotupwa na hoteli, naye angempa chai na mandazi. Oti alizileta ndani ya gunia, zimegandamana na makombo ya kabeji, zimeshika moshi wa jaa ambalo halichoki kuwaka. Mama hakuweza kuvumilia. Alikuwa mwanamke wa kupiga pasi hata kitambaa cha mkononi. "Siwezi kuingia duka la watu nikinuka taka," alisema. Basi alizikata kuponi kwa mkasi, akazilaza kwenye beseni la maji ya sabuni, akazisugua taratibu kwa kidole, akazibana kwenye kamba kati ya soksi na sare zetu. Zilipokuwa nusu kavu alizifunika kwa leso kuukuu na kuzinyoosha kwa pasi, moja baada ya nyingine.

Jirani yetu Bi Zuhura, mzaliwa wa Mombasa, hakuacha kumtania. "Mama Nekesa, umemaliza nguo zote, sasa wafua unga?"

"Cheka tu, Bi Zuhura. Siku nikiingia na mafuta ya kupikia utakuja kuomba."

"Nitakuja, shoga, tena na sufuria!"

Oti naye, akila mandazi yake mlangoni, alizitazama zikipepea kwenye kamba akatikisa kichwa. "Mathe, hizi ni safi kushinda shati yangu."

Siku ya kuzipeleka, mama alivaa rinda lake la kanisani, nami nikafuatana naye. Alizibeba ndani ya bahasha, zimepangika sawasawa. Kijana wa kaunta aliichukua ya kwanza, akaigeuza, akaielekeza kwenye mwanga. Akachukua nyingine. "Mama, hizi zimefutika," alisema.

"Zimefutika nini? Jina la unga si hili?"

"Jina lipo. Lakini hapa chini huwa kuna namba, ya wino wa zambarau, imegongwa kama muhuri. Bila namba siwezi kuzipokea." Alizinusa, nadhani bila kukusudia. "Hizi zimeoshwa?"

"Nilidhani mtapenda zikiwa safi," mama alisema.

Kijana hakucheka. Alimwita meneja, meneja akasema yale yale, kwa adabu. Tuliposogea pembeni, mwanamke aliyekuwa nyuma yetu alitoa kuponi zake kutoka kifuani, zimekunjamana, moja ina doa kubwa la mafuta. Zilipokelewa zote. Mama alisimama akitazama lile doa mpaka nikamvuta mkono.

Mwezi huo haujaisha, tulikuwa Bungoma. Shule ya huko ilikuwa mbali na karo haikupatikana. Nilichokijua baadaye nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti ya kufungia vitu na vitabu vya kuazima. Kiwanda hakikumwita baba tena.

Leo naishi Njiru, si mbali na Dandora, na kuponi zinakuja kwenye simu, hazina harufu. Huyasoma masharti yote mpaka mstari wa mwisho: tarehe, tawi, kiasi cha chini cha kununua. Sijawahi kukataliwa hata moja. Hata hivyo unga unatuishia kabla ya mwezi kuisha, na tangu mume wangu aachishwe kazi ya ulinzi, tumelizungumza jambo la kuwapeleka watoto Bungoma mara nyingi hadi hakuna jipya la kusema. Jana nilimpigia mama simu nikamwambia watoto watakwenda kukaa naye kwa muda. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu kama nimeshazifua sare zao, kisha akakumbuka kwamba shule ya huko ina sare nyingine.