Mjomba Alipolainisha Mtihani

Haya ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Anayebisha akaulize chuoni.

Saa moja asubuhi. Ndani ya karakana ya chuo cha sanaa, fundi plasta mmoja wa kike, maarufu kwa jina la Mwiko, amesimama mbele ya ubao uliopakwa plasta, mkubwa kama mlango, mikono kichwani. Jana jioni aliuacha umejaa mikwaruzo. Leo umekuwa laini hivi kwamba inzi akitua anateleza hadi sakafuni.

"Mjomba! Umefanya nini?"

"Nimekumalizia kazi alfajiri hii," anajibu mjomba wake, kifua mbele. "Umekwaruza tabaka la kwanza, ukaliacha wazi! Nimekuonea aibu."

Wawili hao wanakarabati veranda ya chuo hicho. Mchana Mwiko anapiga plasta, jioni anasoma. Ubao huo ndio mtihani wake wa mwisho, na wasahihishaji wanafika saa tatu. Mwaka jana alifeli. Akifeli tena, hana chuo.

Mjomba ndiye aliyemfundisha kazi. Fundi hukwaruza tabaka la kwanza ili la pili lishike, kisha hulifunika. Mwiko alikuwa akiona uchungu kufunika.

"Naitazama mikwaruzo mpaka saruji inakauka kwenye ndoo," anasema. "Hamna mtu, hamna nyumba, hamna ua. Lakini unajua kabisa mkono ulikuwa na haraka au ulitulia."

Karibu nusu ya ujira wake huishia kwenye karatasi na wino wa kuchorea mikwaruzo hiyo.

"Si ulisema unachora?" mjomba anajitetea. "Mimi nikajua unachora maembe!"

Mwiko anagusa plasta kwa kidole gumba. Bado mbichi. Anamkabidhi mjomba msumari.

"Kwaruza."

"Niharibu kazi yangu mwenyewe?"

"Haribu. Upande huo wako, huu wangu."

Mistari ya mjomba inashuka imenyooka, imebanana kama mvua. Ya Mwiko inazunguka, inasita, inaanza upya. Katikati inakutana na kusukumana.

"Mjomba, toka upande wangu!"

"Ngoja kwanza, hapa mkono umenoga."

Saa tatu, mkuu wa wasahihishaji anainama karibu na mistari iliyonyooka. "Huu ni mkono wa nani?"

Mwiko angeweza kudanganya. "Wa mjomba. Aliufunika mchoro wangu, nikamwambia tuukwaruze upya."

"Wazo la nani?"

"Langu."

"Na ugomvi huu wa katikati?"

"Wetu sote."

Mkuu huyo akalia machozi ya kujaza ndoo mbili.

"Babu, hapo futa," anasema Mwiko, akiisoma rasimu ya makala haya mbele ya mwandishi. "Hakulia. Alipiga chafya kwa vumbi, akaandika nimefaulu."

"Ametia chumvi, alipe!" anadakia mjomba.

"Atalipa. Natafuta ukuta mzima wa nyumba nijaze mikwaruzo, na kila mtu ananikatalia." Anamtazama mwandishi. "Sebule yako ina ukuta mpana, babu."

Hadi tunakwenda mitamboni, makochi ya mwandishi yako uani, na mjomba anauliza maji ya kuchanganyia saruji yako wapi.