Visubi Kwenye Zizi la Kobe

Nitasema mapema ili nisidhaniwe mtu mwema: Papa Anselme simpendi. Tulipanga nyumba moja pale Mudzipela, chumba chake na changu vikitenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Yeye alitoka upande wake wa Djugu, mimi Régine nilitoka Fataki, upande uliopigana na wao. Kwa kuwa vita ilikuwa imekwisha, ndivyo tulivyoambiwa, tulisalimiana kila asubuhi bila kutazamana.

Zamani alikuwa na ng'ombe kumi na wanane. Walichukuliwa wote siku moja wakati wa vita. Mnyama aliyebaki naye ni kobe aliyemwokota kwenye njia ya Komanda, na alimfuga ndani ya chumba, kwa sababu uwanjani kwetu angeishia chunguni kabla ya Jumapili. Alimjengea zizi la mbao chini ya dirisha, akalijaza udongo, na kila asubuhi aliumwagia ndoo nzima ya maji. Kwa mtu aliyezeeka nyuma ya ng'ombe, kufuga ni kunywesha. Maganda ya papai na ya ndizi aliyaacha humo humo yaoze.

Basi visubi vikaja. Vidudu vyeusi, vidogo kuliko mbu, vilitoka kwenye ule udongo kwa mamia, vikaruka juu ya ukuta na kutua kwenye unga wangu. Mimi naoka mikate. Mteja anaumega mkate sokoni, anakuta madoa yenye mabawa, ananitazama usoni. Nilimshitaki Anselme kwa chefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, na chefu akampa wiki tatu: visubi viishe, la sivyo kobe atoke.

Sasa sikieni ubaya wangu. Dawa niliijua. Kule Fataki nilikuwa na kitalu cha miche ya kahawa, na visubi hivyo hivyo hutaga kwenye udongo wa juu unaposhinda umelowa. Ukikauka, vinakwisha. Nilinyamaza. Nilitaka kobe atolewe, maana nilijua Anselme hatakaa pale bila yeye.

Anselme alipigana navyo kama alivyozoea zizini. Alichoma mavi makavu ya ng'ombe, akafunga dirisha, chumba kikajaa moshi. Visubi vilihamia kwangu, na moshi ulipokwisha vikarudi kwake. Wiki ya kwanza ilipofika mwisho, mikate yangu ilinuka mavi. Niliingia kwake bila kupiga hodi, nimejiandaa kwa matusi. Nikamkuta amepiga magoti, anamfuta kobe povu puani kwa ncha ya shati.

“Iko na siku ine bila kula,” alisema, bila kunigeukia.

“Zima ile moto, Papa. Unaiua weye mwenyewe.”

“Na hii bidudu?”

“Zima kwanza.”

Sikufanya kwa huruma, nilifanya kwa hasira. Nilitupa maganda yote. Nilikwangua udongo wa juu, vidole viwili kwenda chini, nikaumwaga chooni. Uliobaki tuliuanika juani, kisha tukaurudisha na kuufunika kwa mchanga mkavu. Maji nikayaweka kwenye sahani, kobe anywe pale, udongo usinywe. Nje ya zizi niliacha kikombe changu chenye pombe ya ndizi na tone la sabuni, visubi vizame humo. Nikamwambia mabaki ya chakula yatolewe kila siku kabla ya mchana. Alisimama mikono ikining'inia, akasikiliza kama mwanafunzi, na akafuata yote.

Siku ya chefu ilipofika, kobe alikuwa anatafuna jani la boga. Chefu alichimba mchanga kwa kidole, akachungulia kikombeni: visubi viwili, vimekufa.

“Ikae,” alisema, akaenda zake.

Nilipokuwa natoka, Anselme akaniita.

“Mama Régine, hii dawa, ulijua tangu siku gani?”

Ningeweza kudanganya.

“Tangu mwanzo,” nilisema.

Alitikisa kichwa polepole. “Siku walichukuaka ng'ombe zangu, kulikuwaka pia mutu alijua.”

Hakupaza sauti. Alikiosha kikombe changu, akanirudishia, akafunga mlango. Naona haya hadi leo, na bado simpendi.