Daraja Moja

Kompyuta ya zamani ikipata moto hutoa harufu ya vumbi linaloungua, nami hujikuta tena sebuleni kwa baba mdogo, mjini, mtaa wa Majengo, nimeshuka kutoka kijijini Mwika, mlimani, kwa likizo. Mwanawe, kaka yangu, alikuwa na mchezo wa vita. Kompyuta ilitushambulia kutoka ng'ambo ya mto wenye daraja moja. Yeye alipanga askari kwenye mpaka wote kama ua wa masale unaozunguka shamba, na kila siku tulitekwa.

"Nipishe," nikamwambia. Nikawaondoa askari wote, nikawarundika darajani.

"Mtoto wa shamba wewe, umeacha mpaka wazi."

"Zamu yetu ya maji ikifika, hatulindi mfongo mzima, mfereji wote kutoka juu hadi chini. Tunakaa kwenye banio, maji yanapoingilia."

Askari wekundu wa kompyuta wakaja wengi kama siafu, wakaishia darajani. Wakaja tena, wakaishia palepale. Kaka akaacha kutafuna muwa. Mama mdogo alituita tukale, hakuna aliyeitika.

Umeme ulipokatika, nchi yetu ilikuwa nzima. Kaka alisimama kando yangu gizani, akisubiri nishuke kwenye kiti chake. Sikushuka.