Jogoo wa Kunipa Pole

Leo nimepigiwa makofi na darasa zima nikiwa nimezamisha mkono ndani ya ng'ombe mpaka begani.

Niko kijijini Kaoze, huku Rukwa, kwa Mzee Masele, mfugaji wa Kisukuma. Ng'ombe wake kahangaika na uchungu tangu alfajiri, mguu wa ndama umejikunja tumboni.

Simu ikaita. Ni wale niliosoma nao udaktari wa mifugo chuoni, eti leo tunapongezana. Mke wa mzee akaishika, akaweka spika.

Basi wote tukasikiliza. Mmoja kawa mkurugenzi Dodoma. Mwingine kapata uprofesa. Mwingine kafungua kiwanda cha dawa. Makofi!

"Na wewe wa Rukwa, umefika wapi?"

Nikasema, "Ndiyo kwanza nimeshika goti."

Wakacheka, wakanipigia makofi, mtandao ukakata.

Ndama katoka mzima, jamani. Mimi nikakaa palepale kwenye mavi, nguvu za kusimama sina.

Mzee akaja kuninawisha. Akauliza taratibu, "Daktari, hao wote mlisoma darasa moja?"

"Ndiyo, mzee."

Akanitazama kwa huruma. "Pole sana, mwanangu. Kwani wewe ulifeli?"

Nilikuwa wa kwanza darasani. Lakini nimechoka, nikaitikia tu, "Nimeshapoa, mzee."

Akamgeukia mkewe. "Mkamate yule jogoo."

Siku zote hapa nachinjiwa jogoo wa shukrani. Wa leo ni wa kunifariji, nimeona machoni mwao.

Wakurugenzi, mpo? Njooni mmjibu mzee wa watu. Mimi mdomo umejaa jogoo, na mgumu huyo!