Nilivyoupalilia Ukingo wa Mto

Mimi mtunza bustani wa Kibaoni, zamani mkulima wa mpunga. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa palizi hata marehemu mke wangu alinisifu, na yeye hakuwa mtu wa kusifu. Basi nikajitolea na vijana wa mazingira kuokoa ukingo wa mto, ingawa walinong'ona kwamba mzee atawachelewesha.

Asubuhi ya siku yangu ya kwanza niliwatangulia, nikakuta matete kwenye udongo uliotifuliwa. Mkulima wa mpunga akiona tete, mkono hausubiri ruhusa. Nikang'oa yote, nikayatandaza kwenye tope ili vijana wasichafue viatu.

Kiongozi wao, Neema, akafika. "Shikamoo babu! Leo umetushinda!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita hapo pakavu."

Akapita, akaduwaa. "Babu, matete tuliyopanda jana yashike udongo yako wapi?"

Nikatazama miguu yake.